Paa Lililoondoka Siku ya Shwari

Ipo nchi moja, wala msiniulize iko upande gani, ambayo upepo wake una adabu kuliko wa nchi nyingine zote. Hauvumi ovyo. Unavuma kwa kibali, na kibali kinasema usizidi kilomita ishirini kwa saa. Sheria ya Utulivu wa Hewa ilipita bungeni asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne, na mbunge pekee aliyenyoosha mkono alikuwa anaomba madirisha yafungwe, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zinapeperuka. Aliambiwa afute kauli. Akaifuta, akazikalia karatasi zake, na mjadala ukafungwa kwa makofi.

Kisa chenyewe kilianza na kofia. Siku ya sherehe za uhuru Mtukufu Kiongozi alikuwa amefika pale penye maneno "hakuna kitakachotutikisa," mara upepo ukaivua kofia yake, ukaipitisha juu ya mabalozi, ukaitumbukiza ndani ya tarumbeta kubwa kuliko zote. Mpiga tarumbeta alikuwa ameshavuta pumzi. Watu walicheka. Hawakucheka wote, walicheka wale wa nyuma tu, lakini kicheko chao kilisikika redioni nchi nzima. Serikali ilifikiria kuwakamata, ikakuta ni elfu kumi na moja, ikaona afadhali iukamate upepo.

Vyombo vya kupimia upepo havikutupwa, kwa sababu serikali hiyo haitupi mali ya umma. Vilipangiwa kazi nyingine. Soksi ya upepo ya uwanja wa ndege ilishonwa ikawa mikono ya majoho ya waheshimiwa wawili wanene. Jogoo wa bati aliyekuwa akizunguka juu ya paa la posta alichomelewa akitazama Ikulu, ili hata upepo ukitoka nyuma yake asipate kisingizio cha kugeuka. Vile vipimo vidogo vya kushika mkononi vilipelekwa kwenye majukwaa kupimia hotuba, maana upepo wa vinywa vya viongozi haukuguswa na sheria. Waziri wa Mifugo alifikisha kilomita thelathini na nne katika sentensi moja, na kesho yake akapandishwa kuwa Waziri wa Mifugo na Anga.

Kituo kimoja tu kiliachwa kiendelee na kazi yake ya zamani, nacho ni cha Kilima cha Ngowe. Wakubwa walisema lazima kibaki chombo kimoja cha kuthibitisha kwamba shwari ipo.

Katika kituo hicho alikuwapo Evaristi Kitogo, Mpima Upepo Msaidizi, mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye nyumba ya serikali ya vyumba viwili na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Chombo chake kilikuwa mlingoti mfupi wenye vikombe vitatu vya bati vinavyozunguka, na chini yake saa yenye mshale wa kuonyesha kasi. Asubuhi, mchana na jioni alisoma mshale, akaandika namba kitabuni, akatia saini.

Mkubwa wake, Mzee Lugome, alikuwa ameshahamishwa. Mwezi wa kwanza wa sheria hiyo, Mzee Lugome aliona mshale kwenye sitini na moja, naye akaandika sitini na moja, kama mtu ambaye hasikilizi redio. Hakufukuzwa. Alipewa barua ya pongezi na kupelekwa Bandari ya Kati, umbali wa kilomita mia tisa kutoka bahari yoyote, akapime kupwa na kujaa kwa maji. Mpaka leo anatuma ripoti kila siku, na kila siku ripoti inasema maji hayajafika.

Baada ya hapo alikuja Bwana Dastani Mtauka, Mdhibiti wa Shwari wa Mkoa. Alipanda kilima akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na tai kwa mkono mwingine, akasifu jinsi hewa ilivyotulia.

"Ndugu Kitogo," alisema, "sisi hatumwambii mtu aandike uongo. Anayeandika uongo tutamshughulikia."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wewe andika kile chombo kinachosema. Basi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ila na chombo nacho ni mtumishi wa serikali." Akavitazama vile vikombe vikizunguka mbio juu yake. "Kinatakiwa kijiheshimu. Kama hakiwezi peke yake, kisaidiwe. Umenielewa?"

Evaristi alielewa, na ndiyo shida ya watu wenye akili. Jioni ile alichana utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaupanda mlingoti, akauzungusha kwenye mhimili wa vikombe na kukaza. Vikombe vikaanza kuzunguka taratibu, na mshale ukakaa kwenye tisa. Alijiambia kwamba hakuandika uongo. Chombo kilisema tisa, naye aliandika tisa. Siku ya kwanza aliukaza ule mpira akigeuka nyuma kila mara. Siku ya tatu hakugeuka tena, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza zaidi kila alipolikumbuka.

Sasa, chini ya kilima kulikuwa na Shule ya Msingi Ngowe, yenye watoto mia mbili na kumi na wawili na mwalimu mkuu mmoja, Salome Chitemo. Mwalimu Chitemo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa kurudia jambo. Shule yake ilikuwa mahali ambapo upepo hupita ukitoka bondeni, kwa hiyo tangu zamani alikuwa ameweka utaratibu wake. Daftari la mahudhurio lilikuwa na safu tatu: Waliopo, Wasiopo, na Upepo. Baada ya kuitwa majina, shule nzima iligeukia kilima na kupiga kelele kwa pamoja, "Mpimaji, leo ngapi?" Evaristi naye alitoka na pembe yake ya bati ya kupazia sauti, akajibu. Kiranja akaandika. Namba ikifika hamsini, hakukuwa na majadiliano: watoto walitoka madarasani wakaenda kukaa nyuma ya ukuta wa mawe wa bustani, na masomo yakaendelea huko huko mpaka mpimaji atangaze kwamba umeshuka.

Kwa miaka kumi na minne Evaristi aliitwa hivyo kila asubuhi, na niseme ukweli, alikuwa anapenda. Wapo watu wengi serikalini, lakini ni wachache wanaoulizwa swali na watu mia mbili na kumi na wawili kwa mpigo wakalisubiri jibu.

Baada ya mpira wa baiskeli, jibu likawa tisa kila siku. Siku nyingine, kwa ajili ya kuchangamsha, alisema kumi.

Ikafika ile Alhamisi. Asubuhi Evaristi alipofungua mlango, mlango ulimrudia usoni. Ndoo yake ilikuwa imeshateremka kilima bila yeye. Alivitazama vikombe: vinajikokota. Mshale: tisa. Kutoka chini sauti zikaja zikiwa zimekatikakatika.

"Mpimaji, leo ngapi?"

Alishika pembe. Ule mpira ulikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama. Kuuvuta ni kazi ya nusu dakika. Akafikiria Bandari ya Kati. Akafikiria nyumba yake ya vyumba viwili, na majirani wakitazama mizigo ikipakiwa.

"Tisa!"

Mwalimu Chitemo akasogea mpaka kwenye uzio, ameshika kitambaa cha kichwa. "Evaristi, bendera yangu imechanika! Una hakika?"

"Tisa, Mwalimu! Ndicho chombo kinachosema!"

Mwalimu akasimama kidogo. Alikuwa amemwamini mtu huyu miaka kumi na minne, na mwalimu akimzoea mwanafunzi kwamba hadanganyi, humwamini hata siku anapoona majibu ya ajabu. Akawaingiza watoto madarasani.

Kabla ya saa sita paa likaanza kunyanyuka upande wa darasa la tatu, likapumua, likarudi. Mwalimu Chitemo hakungoja namba. Alipiga kengele, akawatoa watoto wote, akawapeleka nyuma ya ukuta wa mawe. Evaristi alikuwa ameshashuka kilima mbio bila kofia wala pembe. Alimkuta Mwalimu ameirusha kamba ya kisima juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, anauvuta mwisho mmoja peke yake. Akaushika mwisho wa pili. Walivuta kama watu wanaovuta ng'ombe aliyetumbukia shimoni, na paa likawavuta wao. Kamba ilipita kwenye kiganja cha kulia cha Evaristi ikiondoka na ngozi, kisha paa lote likang'oka, mabati themanini na manne na kenchi zake, likavuka mto.

Ndipo waliposikia mtoto analia ndani. Alikuwa Tumwene, kiranja wa darasa la tatu. Alikuwa amerudi kuchukua daftari la mahudhurio, maana alifundishwa kwamba daftari haliachwi. Fremu ya mlango ilikuwa imemwangukia mguu. Daftari alikuwa nalo kifuani.

Jioni Evaristi alipanda kilima. Mshale ulikuwa kwenye tisa. Aliandika tisa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haushiki kalamu, na chini akatia saini iliyopinda. Ningependa kuwaambia kwamba alisita. Hakusita, alikuwa amechoka sana, na mkono ulishazoea.

Serikali ilisikitika mno kwa habari za shule, ikaunda tume siku hiyo hiyo. Tume ilianza na kitabu cha kituo, kwa sababu kifungu cha nne cha sheria kinasema upepo ni ule ulioandikwa. Kitabu kilisema tisa. Kwa hiyo paa halikuondolewa na upepo. Na kama halikuondolewa na upepo, limeondolewa na mtu. Mabati yalipookotwa ng'ambo ya mto, kilomita tatu kutoka shuleni, tume iliandika kwamba mwizi ana gari. Yalipokutwa mengine juu ya miti, iliandika kwamba ana ngazi. Mwenye ufunguo wa shule alikuwa mmoja tu.

Siku Mwalimu Chitemo anahojiwa polisi, Evaristi alikuwapo kaunta. Alikuwa ameitwa kupeleka kitabu chake. Alisikia kila neno.

"Mwalimu, siku hiyo ulikuwa na nani wakati paa linaondoka?" aliuliza koplo.

Mwalimu alimwona Evaristi. Aliiona na bandeji. Kila mtu katika nchi ile alijua kwamba raia anayesema ameuona upepo hupewa onyo, lakini mpima upepo wa serikali anayesema hivyo hupotezwa kabisa.

"Nilikuwa peke yangu," alisema.

Evaristi alikabidhi kitabu, akapewa stakabadhi. Siku iliyofuata alinunua machungwa sita, akaenda hospitali aliyolazwa Tumwene, akafika mpaka mlango wa wodi. Aliuona mguu mdogo umening'inizwa kwa kamba. Akamwachia muuguzi yale machungwa, na alipoulizwa jina la aliyeleta alisema ni ya bure. Muuguzi akaandika hivyo hivyo.

Wiki tatu zikapita. Katika wiki hizo Bwana Mtauka alimletea Evaristi nishani ya Shwari, Daraja la Tatu, kwa kuandika namba moja bila kuyumba. Aliivaa siku moja. Ilikuwa na umbo la kikombe, akaona inamtazama, akaifungia kabatini chini ya blanketi, na bado akawa anaiona.

Kesi ilisikilizwa mjini mbele ya Hakimu Rehani Mbelwa. Shahidi wa kwanza wa serikali alikuwa chombo chenyewe. Kililetwa na askari wawili, mlingoti wake na saa yake, kikawekwa mezani, lakiri ya serikali ikakaguliwa. Madirisha yote yalifungwa ili shahidi asishawishiwe. Mwendesha mashtaka akakiuliza kama siku ya Alhamisi kulikuwa na upepo. Vikombe havikutikisika. Hakimu akaandika kwamba shahidi amejibu vizuri bila kusitasita.

Shahidi wa pili alikuwa Evaristi Kitogo.

Katika nchi ile watu huapa kwa kunyoosha kiganja cha kulia kikiwa wazi mbele ya mahakama, desturi iliyoanza baada ya shahidi mmoja kukutwa ameandika majibu yake humo. Evaristi alinyoosha mkono.

"Bandeji itoke," alisema karani. "Kiganja kiwe wazi."

Akaifungua taratibu, kwa kuwa ilikuwa imegandia. Kovu lilikatiza kiganja kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo, bado jekundu, na ndani yake ukiangalia vizuri uliona alama za msokoto wa kamba.

Hakimu alivua miwani. "Hicho kiganja kimepatwa na nini?"

Jibu Evaristi alikuwa nalo tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo: birika la chai. Akafungua kinywa. Akamtazama Mwalimu Chitemo kizimbani. Mwalimu alikuwa anaangalia sakafu, midomo kaibana, kama anavyofanya darasani, mtoto akikwama ubaoni naye hataki kumsaidia.

"Kamba, Mheshimiwa," alisema Evaristi.

"Kamba gani?"

"Ya paa la shule. Mimi nilishika mwisho huu, Mwalimu alishika mwisho ule. Tulikuwa tunalizuia lisiende."

Mwendesha mashtaka alisimama polepole, na furaha ikamwenea usoni.

"Mheshimiwa Hakimu, kwa wiki tatu upande wa mashtaka umekosa usingizi ukijiuliza mwanamke mmoja, tena mwembamba, aliwezaje kung'oa mabati themanini na manne. Tunamshukuru sana shahidi. Sasa tumejua kwamba walikuwa wawili, na walikuwa na kamba."

"Hapana!" Evaristi alipaza sauti. "Ni upepo! Ulikuwa upepo!"

"Upepo wa siku hiyo ulikuwa tisa," alisema Hakimu. "Nani aliandika tisa?"

"Mimi."

"Saini hii ni ya nani? Naona imepinda."

"Niliandika kwa mkono wa kushoto, Mheshimiwa, kwa sababu mkono wa—"

"Nimeuliza ni ya nani."

"Ni yangu."

"Basi."

Evaristi akashuka kwenye kizimba cha mashahidi. Nafikiri hata yeye hakujua kwamba anashuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akaingiza vidole chini ya vikombe, akauvuta ule mpira wa baiskeli mpaka ukakatika, akaunyanyua juu watu wote wauone.

"Nilikifunga mimi!" alisema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Watoto waliniuliza nikawaambia tisa. Mwalimu akaniuliza mara ya pili. Mara ya pili, Mheshimiwa!"

Nyuma ya ukumbi alikaa baba yake Tumwene, fundi seremala, mtu asiye na maneno mengi. Aliinuka, akasogea dirishani, akasukuma komeo. Dirisha likafunguka kwa kishindo. Vikombe vikajitikisa mara moja, vikazunguka, kisha vikawa havionekani tena kwa mwendo. Mshale ukapanda mpaka arobaini na saba. Karani akalalia majalada. Askari wakashika kofia zao. Mwendesha mashtaka aliendelea kusema kwamba hakuna upepo, ila alisema hivyo akiwa amelikumbatia joho lake kwa mikono miwili, na kitabu cha kituo kilijifungua chenyewe kikapiga kurasa zake zote, tisa, tisa, tisa, tisa.

Hakimu Mbelwa aliukandamiza waraka wake kwa kiwiko. Alivitazama vikombe muda mrefu, naye alikuwa mtu mwenye watoto. Kisha akakumbuka kifungu cha nne.

"Kesi inaahirishwa," alisema, "kwa sababu ya shwari kali. Shahidi wa pili aunganishwe kama mshtakiwa wa pili."

Waliketishwa kwenye benchi moja nyuma ya mahakama kungoja lori la magereza, Mwalimu huku, Evaristi kule, pingu moja kati yao. Upepo ulikuwa unaburuta makopo uani. Evaristi alitaka kuomba msamaha, lakini kila neno alilolipanga lilikuwa dogo mno.

Mwalimu ndiye aliyeanza. "Leo ngapi?"

"Arobaini na saba, Mwalimu."

"Ningewaacha ndani, basi. Bado tatu. Na Alhamisi ile?"

Evaristi alifuata kwa macho kopo moja likivuka ua.

"Mama yake Tumwene huniletea uji mahabusu," Mwalimu alisema. "Anasema mtoto ana daftari lile kitandani, kila siku anauliza. Limeandikwa tisa, naye anajua tisa si kitu. Anataka namba yenyewe, aisahihishe. Ilikuwa ngapi, Evaristi?"

Alikuwa anakumbuka namba za miaka kumi na minne. Ungemtajia siku yoyote ya masika, angekuambia asubuhi, mchana na jioni. Alitafuta, ingawa alijua hatapata.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimekifunga. Siku ile haina namba."

Mwalimu alimgeukia. Evaristi akaunyoosha mkono wa kulia kadiri pingu ilivyoruhusu, akafungua kiganja.

"Mwambie ninacho hiki tu."

Mwalimu Chitemo alikivuta kile kiganja karibu, akakisoma kwa utaratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyozoea kusoma madaftari ya watoto. Kisha akakifunga vidole vyake kimoja kimoja, akakirudisha juu ya goti la mwenyewe.

"Umechelewa kukileta," alisema.